Manne au Hakuna

Shimo la Outer Ring halikupiga hodi.
Lilinisubiri chini ya maji ya Aprili, kimya kama deni,
na tairi la mbele kushoto likapasuka ubavu.

Jumamosi nikafika Barabara ya Kirinyaga
na elfu kumi na tano mfukoni:
tairi moja, kwa bei niliyoikumbuka, na chai.

Nyaguthii hakutazama mfuko. Alichuchumaa,
akafungua fundo la leso, akatoa sarafu ya shilingi,
akaichomeka kwenye michirizi ya yale matatu yaliyobaki,
moja baada ya jingine, kama daktari na ndimi za watoto.
"Hili linavuta kwa miguu yote minne?"
Nikasema ndiyo, na kifua kikanijaa kidogo.
"Basi moja sikuuzii."

Jipya ni nene, akaeleza, hatua yake ni ndefu.
Wenzake wamekwisha, wanazunguka mara nyingi zaidi
kufika pale pale.
Na huko chini katikati kuna difu
inayosuluhisha ugomvi huo usiku na mchana
mpaka siku inachemka, inanyamaza,
na wewe unauza shamba.

"Sina shamba."
"Afadhali basi ununue matairi."

Mia mbili ishirini na tano, arobaini na tano, kumi na saba:
niliitaja saizi kama namba ya simu ya mtu niliyempenda.
Akanionyesha mitumba ya Japani, imepakwa dawa, inang'aa,
kokoto za barabara nisizozijua zimekwama mchirizini.
Akafuta vumbi kwa kidole gumba, akasoma tarakimu nne:
wiki ya thelathini na moja, mwaka wa kumi na sita.
Binti yangu alikuwa hajazaliwa.
Akalikunja ubavu, nikaona nyufa.
Magaga. Magaga ya kisigino cha kiangazi.

Kuna laini kama ufizi, linang'ata lami,
lakini Krismasi hulioni.
Kuna gumu, la miaka mitano,
ila mvua ikinyesha, mteremko wa Museum Hill ni sabuni.

Kisilu, fundi wake, akainua kichwa kutoka kwenye jeki:
"Au achukue moja, nilinyoe lilingane na wazee."
Nikafikiria hilo kwa muda.
Kulipia ujana, kisha kuufagia sakafuni.

Manne ya kati, si laini si gumu: sitini na nane.
Tukavutana hadi sitini na mbili.
Hapo pumzi zangu zikaisha, na zake pia.

Kijana mmoja, Abdirizak, alikuwa akingojea pancha yake
huku ameinama nyuma ya gari langu,
akiitazama ekzosi yenye mdomo mpana kama sufuria ya harusi.
"Hii unauza?"

Ile iliyotikisa vioo vya Donholm.
Ile ambayo mke wangu aliiita mke mwenza.
Nikataka kusema hapana. Nikasikia mdomo wangu ukisema
arobaini na nane.
Hakuomba punguzo. Hilo ndilo lililoniuma.

Kisilu akafunga bomba la kiwandani, jembamba kama mrija,
nililolihifadhi stoo chini ya viti vibovu
(nililifuata kwa bodaboda, nikalipakata kama mtoto mgonjwa).

Usiku mvua ikarudi. Shimo lilikuwa pale pale, limenenepa.
Nikalikwepa, na gari likashika maji kwa miguu yote,
bila kusitasita, bila kelele,
injini ikinong'ona kama watu msibani.

Kwa miaka mitatu Ekiru amefungua geti kabla sijafika:
alinisikia tangu mzunguko wa juu.
Leo nimesimama mbele ya chuma kilichofungwa,
taa zangu zinahesabu matone,
matairi mapya manne ndani ya matope, hayatelezi hata kidogo.

Nikapiga honi. Mara moja, kwa haya.

"Nani?" akauliza Ekiru.

Nikashusha kioo, mvua ikaniingia mkononi,
nikalitaja jina langu lote, na namba ya nyumba.