Ukurasa wa Kumi na Nne, Neno la Tatu

Mwaka ule, dukani kwa Lushinge, nyuma ya Makoroboi,
kompyuta ilikuwa moja, imevikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya mjomba,
mchezo wa ndege za vita ulikuwa mmoja,
nasi tulikuwa kumi na wawili,
shilingi hamsini kwa robo saa.

Kabla ndege haijapaa, mchezo uliuliza:
ukurasa wa kumi na nne, mstari wa pili, neno la tatu?
Ulitaka kijitabu chake.
Ulitaka kujua kama umenunua au umeokota.

Lushinge alikuwa ameokota.
Diski ilitoka kwa fundi wa meli ya Port Bell,
malipo sangara wawili wa kukaushwa.
Kijitabu kilikuwa Bugando, kwa daktari mgeni
aliyenunua mchezo wake dukani kwao, na risiti.
Nyanjige, aliyemfulia nguo, akakiazima Jumamosi bila kuuliza;
tukakikimbiza kwenye fotokopi, kurasa sitini,
na Jumatatu kikarudi
kimenyooshwa kwa pasi pamoja na mashati.

Maneno tukayaandika kwenye daftari la kaunta,
lile lenye jedwali la kuzidisha mgongoni.
Kiingereza changu kilianzia hapo:
bawa, usukani, upepo wa kinyume.
Mwalimu alishangaa, mtoto hawezi kuomba ruhusa ya kwenda nje
lakini anaweza kuripoti
kwamba injini ya kushoto inawaka moto.

Kisha daktari akahama nyumba, kijitabu kikapotea.
Mchezo wake wa halali ukamfungia mlango.
Akashuka kilima, kofia mkononi,
akanunua kwa Lushinge
maneno yake mwenyewe, kwa shilingi mia.
Tulicheka hadi akacheka naye.

Sicheki tena.
Sasa mwenye mchezo ni mimi. Nimeuita Karabai:
usiku, ziwa, dagaa wanaofuata taa,
mvuvi anayehesabu mafuta yaliyobaki.
Miaka minne katika chumba cha kupanga Nyegezi.
Majura alichora mawimbi, moja moja. Bado namdai radhi, yeye ananidai pesa.

Nikasema, nitafunga.
Nikaufunga kwa mtandao, upige hodi kwangu kila unapofunguliwa.
Siku ya tatu, kijana wa Igoma alikuwa anauuza kwa flashi,
kufuli limeng'olewa, buku moja tu.
Siku ya tano, mwalimu wa Ukara aliyelipa elfu nane
alinipigia kutoka juu ya jiwe,
mahali pekee shuleni kwao panaposhika mtandao:
"Mchezo wangu unaniuliza mimi ni nani."

Nilitega wavu, mwenye meno akaupasua.
Aliyenaswa ni mteja.

Lakini sisemi kufuli ni bure.
Siku zile tatu, Igoma ikihangaika na skrubu zake,
walinunua watu arobaini na mmoja,
na nusu ya deni la Majura ikalipwa.
Mlango nao haumshindi mwizi. Unamwambia mpita njia
kwamba humu anaishi mtu.

Jana usiku nimelitoa.
Mahali pake nimeweka swali, kabla mtumbwi haujashushwa:
mafuta ya karabai hii amenunua nani?
Majibu ni mawili, "mimi" na "bado",
na yote yanafungua.

Majura anasema nimelogwa.
Huenda. Kodi ya chumba ni tarehe tano.

Daftari la Lushinge ninalo, lilinijia alipofunga duka,
jalada limeliwa na mende hadi mara saba.
Silifungui. Ukurasa wa kumi na nne, mstari wa pili,
neno la tatu lilikuwa
tua.