Mia na Ishirini kwa Themanini

Swali la kumi na nne: uliridhika kiasi gani na huduma?
Moja ni hapana kabisa, tano ni kabisa.
Mama Jahenda anafuta mikono kwenye leso,
anauliza ipi kati ya hizo ndiyo kubwa,
kisha anasema niandike tano,
maana nimepanda huu mlima wao wote wa Sabatia
na viatu hivi.

Naandika tano.
Dodoso halina mahali pa viatu.

Kageha ananitangulia, begi la bluu mgongoni.
Kaya mia na tatu ni zake,
anazijua kwa mbwa: huyu anauma, huyu anabweka tu.
Anajua nani hukata vidonge nusu
vifike mwisho wa mwezi pamoja na unga,
na nani ameficha kadi ya kliniki ndani ya Biblia
kwa kuwa mumewe haisomi.
Hayo hayamo kwenye sampuli.
Unalipwa? namwuliza.
Anacheka. "Andika hapo, Mungu anaona."

Zahanati iko vilevile.
Benchi lilelile, limelainishwa na makalio ya subira.
Mkaratusi wa dirishani umekatwa.
Muuguzi ni mmoja, Lugonzo, wagonjwa sitini na wawili;
anadunga sindano, anaandika, anatafuta ufunguo wa choo.
Ananipa rejista za zamani, panya wamekula pembe,
nihesabu.

Nahesabu.
Presha za mwaka ule:
mia na ishirini kwa themanini.
Mia na ishirini kwa themanini.
Mzee wa miaka themanini na mmoja,
mia na ishirini kwa themanini.
Vugutsa, mja mzito, miguu imevimba,
mia na ishirini kwa themanini.
Tarafa nzima moyo mmoja,
unadunda sawasawa kama ngoma za waumini wa kanzu nyeupe
wakipita barabarani Jumapili.

Pembeni naandika: takwimu za kutiliwa shaka.
Naandika: aliyejaza hakupima.
Na nafurahi, nisiseme uongo,
kama aliyeokota noti ndani ya koti kuukuu.

Halafu, kwenye safu ya umri, naiona ile saba.
Saba ya mkia mrefu, yenye kijiti katikati,
niliyofundishwa na sista mmoja nikiwa darasa la tatu.
Hapa kwetu sijaona mwingine anayeikata saba hivyo.

Mashine ilikufa Pasaka.
Niliandika barua tatu kuomba betri,
nne tu, ndogo, zile za redio.
Zamu ilikuwa yangu peke yangu, foleni imefika langoni,
na mkono ukazoea.
Mkono huzoea upesi kuliko moyo.

"Arudi baada ya wiki mbili," nimeandika mbele ya jina lake.
Nafunua wiki mbili. Nafunua mwezi.
Nafunua mpaka jalada la nyuma.

Mficha maradhi, kilio humfichua.
Wahenga hawakutuambia
anayewafichia wenzake maradhi yao
hufichuliwa na nini.

Namwuliza Kageha. Yuko mlangoni, anakung'uta matope.
"Vugutsa? Kaya ya arobaini na sita. Mbwa wao anauma."
Anakung'uta kiatu cha pili.
"Mtoto ameanza shule mwaka huu. Nyanyake ndiye humleta."

Sura ya tano ina kichwa: Mapungufu ya Utafiti.
Msimamizi anataka aya moja, isizidi nusu ukurasa.

Asubuhi nanunua betri nne Chavakali.
Msimamizi ataniambia huko ni kuingilia, mtafiti huangalia tu.
Naziweka mezani kwa Lugonzo.
Wa kwanza kukunja mkono wa gauni ni Mama Jahenda,
ameshuka kutafuta dawa ya kikohozi cha mjukuu.
Mashine inanguruma, inakaza, inapumua.

Mia na sabini na saba kwa mia na saba.
Naandika ilivyo. Saba zote tatu nazikata katikati.

"Ndiyo ngapi hiyo," anauliza, "kwa tano?"

Keti kwanza, Mama.
Usipande mlima bado.