Risiti Namba 212

Bendi ile iliitwa Mkaa Uliolowa.
Kwa Kipolandi jina lake lina herufi
ambazo baba alizipita kama anayevuka Mto Mirongo juu ya mawe:
akateleza, akacheka, akaandika tu kitabuni:
*Kaseti 1, ya Leshek. Imelowa. Imelipiwa nusu.*

Leshek alikuja kufunga winchi bandarini, Mwanza Kusini,
akapanga chumba kwetu Igogo, miezi kumi na minne.
Alikula sato na kichwa chake, macho hakuacha.
Kiswahili chake kilikuwa cha spana na bei ya nyanya,
na kwa hicho hicho alitusimulia bendi.

Wavulana wanne. Mji wa makaa ya mawe,
theluji inaanguka ikiwa tayari nyeusi.
Mwaka ule wa wanajeshi mitaani, simu zimekatwa,
wao wako chini ya ukumbi wa wachimbaji
na gitaa la besi lililochongwa kwa mlango wa kabati,
wanajifunza mdundo wa kisiwa
ambacho hakuna hata mmoja aliyewahi kuliona jua lake.
Rege, alisema Leshek akigonga sufuria ya mama,
ni kuchelewa kwa adabu:
unaliacha pigo la kwanza lipite kama bosi,
halafu unaingia wewe.

Kila shairi lilipelekwa kwa afisa wa mihuri.
Akasoma "Babiloni", akauliza iko wapi.
Kwenye Biblia, wakamjibu.
Akagonga mhuri.
Hapo baba alicheka hadi tone la risasi ya kuchomelea
likamdondokea pajani. Kovu lile tulimzika nalo.

Kisha historia ikawa fupi, kama zinavyokuwa.
Mpiga ngoma alichukuliwa jeshini, akarudi hataki kelele.
Kazimir wa gitaa alivuka mpaka, akauza mapazia Ujerumani.
Mwimbaji, Yanek, aliyesokota nywele kwa sabuni ya kufulia,
aliingia mgodini zamu ya usiku
na mgodi haukumrudisha.
Ilibaki kaseti moja,
nayo Leshek aliidondosha ziwani, kivukoni Kamanga,
akimwonyesha mkata tiketi picha ya jalada.

Baba aliuanika utepe kwenye kamba ya nguo,
mita kwa mita, kati ya kanga na soksi,
akaukata palipooza, akaunga kwa rangi ya kucha ya mama.
Kabla haujakauka vizuri Leshek akaitwa kwao.

Miaka thelathini kaseti ilikaa dukani Makoroboi
katikati ya redio zisizo na wenyewe.
Asiye na risiti hapewi, alisema baba,
na alipokufa nikaendelea kusema mimi.

Mwaka juzi akaingia mwanamke, pua imebabuka kwa jua,
akaweka mezani karatasi yenye rangi ya chai.
212. Mbili za baba, zile zenye mkia.
Nikamwambia bado unadaiwa nusu: shilingi arobaini.
Akatoa elfu kumi.
Sikuwa na chenji ya mwaka themanini na tisa.

Tukairudisha nyuma kwa kalamu ya Biki, tukabonyeza.
Mkaa uliolowa hauwaki, lakini moshi wake!
Besi ilipita sakafuni hadi kwa muuza mitumba jirani,
akaacha kupiga pasi.
Yanek akaimba, mwanamke akashika mdomo.
Halafu katikati ya Babiloni utepe ukakwaruza,
na kwa sekunde tisa, kwa lafudhi ya Kisukuma:
*Moja, mbili. Moja, mbili. Hapa Makoroboi.
Nyanzobe, zima jiko.*

Huyu nani, akauliza.
Fundi, nikasema.
Nikaifunga kaseti kwa gazeti, nikagonga mhuri wetu:
IMECHUKULIWA.

Nyanzobe ni mimi.
Siku ile sikulizima. Maharage yaliungua.