Kijiko Kisicho na Kilima

Tumbo lilianza usiku wa manane.
Nikahesabu hatua za kwenda chooni:
kumi na nne, na jiwe kubwa katikati
ambalo aliyejenga nyumba hii ya Mabatini
alishindwa kulipasua, akalizunguka.
Mara ya tano nililizunguka kwa magoti.

Milembe hayupo. Yuko Sengerema.
Wamemzika mama yake jana alasiri,
na mimi niliyepaswa kubeba jeneza
nimebeba ndoo.

Asubuhi nilimpigia. Nilitaka kusema pole.
Nikasema, "Tumbo."
Akanyamaza kidogo. Nyuma yake nikasikia
wanawake wakipanga sufuria, mtu akiulizia chumvi.
"Ulikula ile mboga ya juzi."
Nilikula.
"Nilikuambia uwape kuku."
Aliniambia.
"Mpe simu Nshoma."

Nshoma ana miaka minane na mapengo mawili.
Alisimama wima kama anayepokea cheti,
simu sikioni, mkono mwingine kiunoni,
akirudia kila neno kwa sauti ya darasani:
Maji lita moja. Baba ayachemshe. Yapoe kabisa.
Sukari vijiko sita vya chai.
Chumvi nusu kijiko. Nusu, mama? Nusu.
"Na kijiko kisiwe na kilima."

Basi mwanangu, mzaliwa wa mji wa vilima,
anayepanda mawe kwenda shule na mawe kurudi,
akachukua kisu cha mkate
akafyeka vilima sita juu ya sinia,
kimoja kimoja, ulimi nje,
na sukari iliyoanguka akaupa ulimi huohuo.

Mama Kwandu wa jirani alipitisha mkono dirishani
na vidonge vitatu ndani ya karatasi ya daftari,
vya mwaka jana, vya kifua cha mumewe.
Nikamshukuru. Nikaviacha vilipo.
Kifua chake na tumbo langu havijuani.

"Baba aonje kwanza," simu ikasema.
"Chumvi isizidi ya machozi."
Nshoma akaniangalia.
"Machozi yana chumvi kiasi gani?"
Hakuna aliyemjibu.
Kisha kule Sengerema Milembe akavuta pumzi:
"Mwambie mimi ninayo hapa ya kulinganisha."

Nikaonja. Haikuzidi.

Kila nikirudi kutoka chooni, kikombe.
Siyo kugugumia: funda, pumzika, funda.
Uji mwepesi tumbo likikubali.
Na sabuni, baba, mikono yote miwili,
hata kama umechoka, nitakumwagia maji.
Ukiona damu, au macho yakididimia,
au kesho kutwa bado unalizunguka jiwe,
hapo si mambo ya jagi tena,
hapo ni zahanati, mama kasema, usibishe.

Jioni wadudu wa ziwani walipanda kama moshi
wakaisonga taa, tukaizima.
Gizani nikahesabu saa badala ya hatua.
Mbili. Tatu. Tumbo likanguruma
kama mtu aliyeshindwa ugomvi
anayetupa neno la mwisho mlangoni.
Nshoma alilala ameegemea meza ya jagi,
kijiko mkononi, kama askari wa zamu.

Usiku nilipiga tena.
"Umelala?"
Hajalala.
"Umekula?"
Wageni wamekula.
"Maji je?"
Kimya, na vyura wa Sengerema.

"Milembe, chota maji. Kikombe kimoja tu.
Funda. Pumzika. Funda."
Nikamsikia akitii, koo moja gizani,
ng'ambo ya maji haya yote.

Halafu lile nililoshindwa kulisema asubuhi
likatoka lenyewe, limesawazishwa,
halina kilima:
pole.