Mizani ya Ipuli

Zamu ya usiku ghalani. Simu imeegemea robota la tumbaku,
mimi na Kalunde tunatazama roketi mbili:
ya serikali imeahirishwa mara ya nne,
bomba linavuja, kamati inakaa;
ya tajiri ililipuka Jumanne,
Alhamisi wamesimamisha nyingine.
Zote zataka kuupita mwezi,
zitokomee kule kusiko na jirani.

Kalunde ni wa tajiri, damu damu.
Mimi, mtoto wa fundi reli, naingoja ya serikali
kama tulivyoingoja treni ya Kigoma:
itachelewa, lakini utaisikia.

Kisha mtangazaji akataja uzito,
nami ni mtu wa uzito, nikasogea.
Katika kila kilo mia, karibu tisini ni mafuta.
Kumbe lidude lote lile
linajibeba lenyewe!

Nikamkumbuka Mhoja, babu wa babu yangu, mpagazi,
pembe begani, kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo,
na juu ya pembe, posho ya njiani.
Mwaka huu kaajiriwa na tajiri,
mwaka ujao na serikali ya Mjerumani.
Bega halikujua tofauti.

Watu wa pwani walituita watu wa mwezi,
eti kwa kuwa unaandama upande wetu.
Hakuna aliyetuuliza kama tunataka kwenda.

"Sasa nani atashinda?" Kalunde anauliza.
Lori la Urambo limepanda mizani,
mshale unacheza, unarudi, unacheza.
"Subiri," nasema. "Haujatulia."