Maua ya Upande wa Ndani

Uliniletea fidla ya ukoo wenu, Torleiv,
imeviringishwa katika koti la sufu,
theluji ya Voss ingali mabegani mwako.
Ukasema: "Itengeneze ilie, basi.
Madoido sitaki. Haijapata kuwa nayo."

Haijapata?
Niliisogeza dirishani, nikaiinamisha
mpaka nuru ikaipiga ubavuni.
Uso wake umeparwa. Kisu kimefuata mshipa wa mti
polepole, kama mtu anayepara samaki
asiyekusudia kumla.
Palipokuwa na ua pamebaki kivuli cha ua.
Ukingoni, vipande vitatu vya njumu ya mfupa,
meno ya mwisho ya kikongwe.
Na simba wa kileleni amekatwa ulimi.

Habari hiyo kila nyumba ya bonde hili inayo:
alipita mhubiri, akasema fidla ni kinywa cha Ibilisi,
watu wakazitia motoni Jumamosi, watoto wakitazama.
Brynjulf, babu wa babu yako, hakuchoma.
Alipara.
Nadhani aliwaonesha: "Tazameni, sasa ni ubao."

Nyuzi nne za juu hupigwa kwa upinde.
Nne za chini haziguswi na mtu;
hungoja gizani wenzao waseme,
kisha huvuma zenyewe.
Hizo ndizo zilizokuwa zimenyamaza.

Nikapasha kisu moto, nikaachanisha gundi,
nikafunua
kama mgeni afunuaye chungu cha mwenyeji.

Torleiv, ndani mna maua.
Si ya fundi; mkono wa fundi hausiti.
Haya ni ya wino wa kuhesabia kondoo,
mashina yanatetemeka,
jani moja limeanzwa mara tatu likaachwa,
waridi lina petali tano huku, nne kule.
Mahali pamoja wino ulidondoka,
akaupa mabawa, ukawa nyuki.
Yameenea hadi pembeni kabisa,
ambako jicho halifiki bila kuvunja kitu.

Na pale kisu kilipopenyezwa kuifungua
pana mkwaruzo wa mistari miwili, wa ncha iliyomeguka.
Uso wa nje una mkwaruzo huohuo.

Nilikuwa na kitambaa mkononi, na spiriti;
kusafisha ndiyo kazi yangu.
Nikavirudisha rafuni.
Nikatia gundi, nikabana, nikaenda kulala.

Jana niliijaribu. Nilikusudia wimbo mkavu,
sauti na sauti, kama ulivyoagiza.
Vidole vikakaidi: kitetemeshi hapa,
kijisauti cha kuazima pale, kabla ya noti kutua.
Nyuzi za chini zikaitika zote nne.

Ukija Jumatatu utaniuliza bei.
Nitakutajia nyuzi, gundi, siku mbili za kazi.
Usiombe nikuoneshe; kuonesha ni kuifungua tena.
Maua sikuyatia kwenye risiti.