Gego la Mpika Halua

Naanza pasi salamu,
mate yangali na damu,
pamba naiuma humu,
nisamehe lafudhini.

Ni mimi Famau Lali,
wa Langoni, si wa mbali,
mpika halua kali
isifiwayo mjini.

Gego langu la kulia
leo limenikimbia,
ganda tupu labakia,
naliona sahanini.

Kosa langu ni kuonja
kwa kidole na kiganja,
nikijiona mjanja:
"Sili, naonja, jamani!"

Asubuhi kijichembe,
adhuhuri nusu pembe,
magharibi nijirambe
mabaki ya vidoleni.

Tabibu Bi Mwanaheri
kaniambia: "Fikiri,
mna mpishi wa siri
apikaye mdomoni.

Ni wadudu wa utando,
wamejibanza kwa kando,
wakiupata uhondo
wa sukari ya jikoni,

hugeuza siki kali,
huramba ganda kwa mbali;
mate huja kukabili
na kurudisha madini.

Mate wayanyima mwanya:
nguvu yakijikusanya,
sukari unachanganya,
siki yarudi vitani.

Wingi si hoja, Famau.
Mara ngapi? Husahau!
Kila onjo lina dau,
na hulipi kwa thumuni."

Nikakumbuka la kwanza,
nalo halikuniponza:
doa jeupe kuanza,
chokaa ya ukutani.

Hapo, mswaki na dawa,
doa lingeondolewa.
Nami nilishaambiwa,
nikajibu: "Nina nini?"

Likawa la kahawia,
tundu likajichimbia,
baridi ikaingia
hadi chini, mshipani.

Usiku nikazunguka
ukumbini, nikachoka,
karafuu nikaweka,
punda wacheka njiani.

Sasa mjukuu wangu,
Mwanashee, jicho langu,
avizia chungu changu
na kidole tayarini.

"Kula wali, kisha hii,
mara moja, hurudii;
sukutua, hukatai,
kwa maji ya mtungini.

Wendapo kulala, mwana,
mswaki pita kwa kina,
juu, chini, ndani, shina,
gego la mwisho pembeni."

"Na wewe, Babu, waonja?"
Kidole nikakikunja,
na hoja sikuivunja,
nikajificha pambani.

Sasa moto unawaka
na sukari yachemka.
Iliki nitaiweka
kwa kukisia puani.